Mzee wa chumba cha mwisho: kisa cha askari wa zamani ambaye hatukumuuliza

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya kulelea wazee kwenye jimbo moja la katikati ya Marekani, nilipokuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili mzee na familia yake wasitambulike. Ya tiba sikuyagusa. Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu karibu nusu yetu katika zamu ile tulikuwa Wakenya, Watanzania na Wakongo, na kwa sababu sehemu ya kosa lenyewe tuliifanya kwa Kiswahili.

Alivyofika

Mzee alikuwa na miaka 74. Aliletwa kutoka hospitali baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, kwa miaka tisa, kisukari cha aina ya pili na presha. Masikio yote mawili yalikuwa mazito, na mwenyewe alisema ndani yake kuna kengele isiyonyamaza. Mkewe alikwisha kufariki. Binti yake wa pekee aliishi jimbo la mbali.

Fomu ya kumpokea ilikuwa ndefu. Iliuliza dini yake, chakula asichokula, jina analopenda kuitwa, hata nyumba ya mazishi itakayomchukua. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na mstari unaouliza kama aliwahi kuhudumu jeshini. Mstari huo uliachwa mtupu. Ilikuwa Ijumaa jioni na wageni watatu walifika kwa mpigo. Mwenzetu aliyejaza fomu alijaza yale yasiyoweza kungoja. Nami nililipitia faili lile usiku uleule, nikaona pengo, nikalifunga.

Wiki tatu za kwanza

Usiku wa tatu alimpiga msaidizi kifuani alipokuwa akimgeuza. Usiku wa tano alimkamata mwingine mkono hadi ukavimba. Kila tukio liliandikiwa ripoti, na neno lililorudi katika kila ripoti ni lilelile: mkorofi. Mchana alikuwa mpole, mchache wa maneno, akishukuru kwa kila kikombe cha maji. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutufanya tujiulize. Lakini katika nyumba zile watu wa mchana na watu wa usiku hukutana dakika kumi tu, nazo huishia kwenye sukari, presha, na nani kaanguka.

Akahamishiwa chumba cha mwisho ili wengine wapate usingizi. Chumba hicho kiko kando ya mlango wa chuma wa nyuma, ambako toroli la taka hupita saa kumi alfajiri na mlango hubamizwa. Kichwa cha kitanda kikaelekezwa mlangoni kwa kuwa soketi ya umeme iko upande huo, kwa hiyo aliyeingia alimtokea kwa nyuma.

Dada mmoja Mfilipino alipomletea dawa jioni, mzee alikunja ngumi akakataa hata kumtazama. Msimamizi alimwondoa dada yule kwenye chumba kile bila kumwambia sababu. Nilimkuta stoo akilia. Alidhani amekosea dozi.

Kisha ikaja haloperidoli, dawa ya kumtuliza mtu mwenye fujo. Aliyempigia simu daktari wa zamu ni mimi. Nilimwambia mzee anapiga watu; sikumwambia ana Parkinson, naye hakuuliza. Haloperidoli huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, na Parkinson ni ugonjwa wa kupungukiwa na dopamini hiyohiyo. Siku ya nne mzee alikuwa amekauka kama gogo, mate yakimtiririka, kila tone la maji likimpalia. Mfamasia ndiye aliyeliona na kuisimamisha. Sheria ya Marekani inamtaka mfamasia apitie dawa za kila mkazi wa nyumba hizi angalau mara moja kwa mwezi, na siku yake ya kupitia iliangukia hapo. Ingekuwa wiki moja mbele, pengine tungekuwa tunazungumzia maji yaliyoingia mapafuni.

Saa nane usiku

Niliingia na mwenzangu, kijana wa Kisii, kumgeuza mzee na kumbadilisha. Tulitumia tochi kwa sababu taa ya dari huamsha watu. Mwenzangu alikuwa akinisimulia kwa sauti ya chini habari za karo ya mdogo wake. "Dada, jana wamemrudisha nyumbani," akasema, na hapo ndipo nilipomshika mzee bega.

Alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu nisizodhani anazo. Macho yalikuwa wazi. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayewaamsha wenzake bila kupiga kelele: "Wamo ndani ya seng'enge." Akarudia. Mwenzangu akamfungua vidole kimoja kimoja.

Kwenye faili niliandika: amechanganyikiwa, anasema maneno yasiyo na maana.

Alichosema bintiye

Alifika wiki ya nne, baada ya kupigiwa simu ya malalamiko mara tatu. Kabla hajaketi aliuliza: "Nani amemlaza baba mgongo mlangoni?" Nyumbani kwao kiti cha baba yake kilitazama mlango siku zote. Wakienda kula nje, alikaa ukutani. Na tangu utotoni alijua kwamba baba haamshwi kwa kuguswa.

Nilipomsimulia habari ya seng'enge alikaa kimya kidogo, kisha akaeleza. Baba yake aliandikishwa kwa lazima akiwa na miaka 20. Mwaka 1969 alikuwa kwenye kambi ya mizinga katika nyanda za juu za kati za Vietnam. Kambi za namna hiyo zilizungushiwa seng'enge za miba, na makomando wa upande wa pili walizipenya usiku wa manane wakitambaa chini ya waya mmoja baada ya mwingine, mabomu mikononi. Kambi yake iliingiliwa hivyo. Zaidi ya hapo bintiye hakujua, kwa sababu baba yake hakusema zaidi ya hapo.

Giza. Tochi inayosogea. Watu wawili wakinong'onezana kwa lugha asiyoifahamu. Halafu mkono begani. Tulikuwa tunamrudisha kwenye usiku ule kila baada ya saa mbili, kwa kufuata ratiba ya kumgeuza, ili asipate vidonda vya mgongo. Na maneno niliyoyaandika kuwa hayana maana yalikuwa taarifa ya askari wa lindo kwa wenzake, isiyopungukiwa na neno.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Kwetu sisi wajukuu vita vile vilikuwa na sheria moja tu: msimguse babu akiwa amelala. Bibi alimwamsha kwa kusimama mlangoni na kumwita jina lake mara mbili, kisha akangoja. Hakuna aliyemfundisha. Miaka arobaini baadaye, nikiwa na leseni ya uuguzi na vyeti ukutani, sikufanya alichofanya bibi asiyekwenda shule.

Kwa nini hakusema mwenyewe

Kwa sababu hakujiita askari wa zamani. Alirudi nyumbani 1970, akavua gwanda, akafanya kazi ya useremala hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Hakujiunga na chama chochote wala hakukanyaga Wizara ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo huko kila mtu huiita VA. Kiswahili chetu nacho kinaweza kututega hapa. Tukisema mstaafu wa jeshi tunamwona mtu mwenye pensheni na nishani. Kwa sheria ya Marekani hata kijana aliyehudumu miaka miwili na kuondoka bila kufukuzwa kwa aibu anahesabika. Madereva, wapishi, makarani na wanawake wengi waliovaa sare hujibu "hapana" wakiulizwa kama wao ni askari wa zamani, maana wanadhani jina hilo ni la waliopigana.

Ndiyo sababu American Academy of Nursing, shirika la wauguzi la Marekani, tangu 2013 imekuwa ikihimiza swali liwe: umewahi kuhudumu jeshini? Akijibu ndiyo, yafuate mengine: lini, wapi, ulifanya kazi gani, ulikutana na moshi, kemikali, milipuko au kelele gani. Na umwache aamue kama anataka kueleza zaidi. Swali la kama aliua mtu haliulizwi na muuguzi, kamwe. Hata zile shukrani za "asante kwa utumishi wako", ambazo Wamarekani huzitoa kwa haraka, si kila mtu anazipokea. Mzee wetu alikuwa akigeuza uso ukutani.

Swali hili lina kazi nyingine, na hapa kisa kinageuka kuwa cha fedha na haki. Kati ya 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea. Iliyojulikana zaidi ni Agent Orange, iliyopewa jina kwa sababu ya mstari wa rangi ya machungwa kwenye mapipa yake, na ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo dioksini. VA ina orodha ya magonjwa ambayo, kwa mtu aliyekuwa Vietnam miaka hiyo, huchukuliwa kuwa yametokana na utumishi bila yeye kuthibitisha kwamba ni sumu ile iliyomdhuru. Kisukari cha aina ya pili kiliingizwa 2001. Parkinson iliingizwa 2010. Presha iliongezwa na sheria ya PACT ya 2022, inayohusu askari waliokutana na sumu kazini. Mzee alikuwa nayo yote matatu. Ukiongeza kengele ya masikioni na uziwi, ambavyo vimo miongoni mwa ulemavu unaolipiwa fidia na VA mara nyingi zaidi, orodha ya magonjwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake ilikuwa ikitupigia kelele. Daktari wake wa mishipa ya fahamu, wa kiraia, alimtibu miaka tisa. Naye hakuuliza.

Si kila ngumi ni Vietnam

Baada ya habari za bintiye kuenea, nyumba nzima iligeuka. Sasa kila kitu kikawa vita. Akikataa uji, ni vita. Akikohoa, ni vita. Hilo nalo ni kosa, na ni la kawaida kwa watu waliohudhuria semina moja.

Daktari wa mishipa ya fahamu alituuliza swali dogo lililotuaibisha: anapopiga, macho yake yako wazi au yamefumba? Ripoti zetu zote zilisema "alipiga". Hakuna hata moja iliyosema macho. Katika Parkinson kuna tatizo la usingizi ambalo mwili, badala ya kulegea wakati wa ndoto, unaziigiza: mtu anarusha ngumi na mateke macho yakiwa yamefumba, na akiamka anajitambua haraka. Kwa wiki mbili tuliandika kwa makini, na ikaonekana mzee alikuwa na yote mawili. Kuna usiku alipigana na ndoto hakuna mtu chumbani. Kuna usiku alitupiga sisi, macho wazi, tulipomjia vibaya. Kwa la kwanza alipewa melatonini, na kitanda kikashushwa hadi karibu na sakafu. Kwa la pili dawa ilikuwa sisi wenyewe kubadilika.

Daktari alifikiria pia prazosini, ambayo askari wengi wa zamani wamepewa kwa ajili ya ndoto mbaya, akaiacha. Hushusha presha mtu anaposimama, na mzee wa Parkinson mwenye nyonga iliyovunjika hahitaji sababu nyingine ya kuanguka. Isitoshe, utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 kwa askari wa zamani 304 haukuona kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa. Lorazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi ambayo zamu yetu ingeifurahia, miongozo ya VA na Wizara ya Ulinzi inashauri isitumiwe kutibu kiwewe. Tiba za mazungumzo zenye ushahidi zipo na ni nzuri, lakini zinahitaji mtu mwenye nguvu ya kukaa na kumbukumbu zake wiki baada ya wiki. Kwa mzee huyu, wakati huo ulikuwa umepita.

Tuligeuza kitanda kikatazama mlango, tukanunua waya mrefu wa umeme. Taa ya choo iliachwa inawaka, mlango ukiwa wazi kidogo, na tochi zikabaki mifukoni. Anayeingia alisimama miguuni pa kitanda, ajulikane ni nani, amwite mzee jina, angoje. Kisha aguse mguu kwanza, kamwe si bega. Alikuwa akilala bila vifaa vya masikio, kwa hiyo mnong'ono wetu hakuusikia kama maneno hata kidogo. Tulijifunza kuongea polepole upande wa sikio lenye nafuu. Levodopa, dawa yake ya Parkinson, ikatolewa kwa saa yake kamili. Mtu wa taka akakubali kufunga mlango kwa mkono.

Na ndani ya chumba kile tukaacha Kiswahili. Mwenzangu wa Kisii aliumia. "Kwani Kiswahili ni bunduki?" aliniuliza. Nilimwelewa, maana tumekwisha kukatazwa lugha zetu na watu wasio na sababu yoyote. Nikamwambia: huyu si mtu wa kutukataza, huyu anaogopa, tena ana haki ya kujua kinachosemwa juu ya kichwa chake hata angekuwa hajawahi kuona vita. Alikubali la pili kuliko la kwanza. Mwezi uliofuata iliandikwa ripoti moja tu ya mtu kupigwa.

Dada Mfilipino aliambiwa ukweli, kwamba sura yake ilimrudisha mzee Vietnam, na akaachiwa achague. Alisema hatabeba vita visivyo vyake. Baadaye, kwa hiari yake, alianza kuingia akiwa na mwenzake, akitaja jina lake kutoka mlangoni. Mzee hakuwahi kumzoea kabisa. Naamini kumwelewa askari hakumlazimishi mhudumu kuvumilia ngumi wala matusi, na msimamizi aliyemwondoa kimya kimya aliwakosea wote wawili.

Mafunzo yanakoishia

Marekani haijakosa mafunzo. VA yenyewe husema takriban asilimia 70 ya madaktari wa nchi hiyo walipitia vituo vyake katika masomo yao, utaratibu ulioanza 1946. Kuna kozi za bure mtandaoni kuhusu utamaduni wa kijeshi, zilizofunguliwa kwa watoa huduma wa kiraia pia. Sheria ya MISSION ya 2018, iliyopanua njia za askari wa zamani kutibiwa nje ya VA, iliitaka wizara hiyo iweke viwango vya ujuzi kwa wanaotibu kiwewe, majeraha ya ubongo na madhara ya unyanyasaji wa kingono jeshini.

Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliwahoji watoa huduma wa afya ya akili 522. Ni asilimia 13 tu waliotimiza masharti ya kuwa tayari kuwahudumia askari wa zamani kwa kuwaelewa na kwa tiba zenye ushahidi. Miaka minne baadaye, katika jimbo la New York, waliotimiza masharti yote miongoni mwa watoa huduma wa kiraia walikuwa asilimia 2.3.

Hao ni wenye shahada. Ninaowazungumzia mimi hawakuhojiwa. Msaidizi wa muuguzi Marekani anatakiwa na sheria ya taifa kupata mafunzo yasiyopungua saa 75. Orodha ya mada ina kuzuia maambukizi, kulisha, kuosha, haki za mkazi, hata kumhudumia mwenye kupoteza kumbukumbu. Askari wa zamani hawatajwi. Ilhali daktari alimwona mzee mara moja kwa mwezi, mchana, ameketi, amevaa shati. Aliyemgusa gizani mara nne kila usiku ni msaidizi mwenye saa 75, mara nyingi mhamiaji, mara nyingi Mswahili mwenzangu.

Nyumba yetu iliandaa semina ya dakika 45. Ilifanyika saa nane mchana, watu wa usiku wakiwa wamelala. Sisi tuliwekewa karatasi ya kusaini. Nilisaini, kisha nikaanza kutumia dakika kumi za kupokezana zamu, saa tano usiku, kuwaonyesha wenzangu namna ya kusimama mlangoni. Nilisimama kama bibi.

Madai

Afisa wa kaunti anayewasaidia askari wa zamani, ambaye huduma yake ni bure, aliandaa madai pamoja na bintiye. Cheti cha kuachishwa jeshi kilipatikana ndani ya sanduku la zana za useremala. Fidia ya VA kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu siku ya kudai, kwa hiyo ile miaka tisa ya Parkinson ilikwisha potea.

Mzee alifariki madai yakiwa bado mezani. Alifia usingizini, kitanda kikitazama mlango. Angekuwa na mke, mke angeweza kuyaendeleza. Binti mtu mzima anaweza kurudishiwa tu alichotumia kwa ugonjwa wa mwisho na mazishi. Alipewa bendera.

Wiki iliyofuata nilichukua orodha ya wakazi wote nikaanza kuuliza, chumba kwa chumba, kabla ya dawa za usiku. Ghorofa ya pili kuna mama wa miaka 78 aliyeishi pale miaka minne. Kwenye faili lake, mahali pa kazi, paliandikwa: mama wa nyumbani. Nilimuuliza kama aliwahi kuhudumu jeshini. Alikuwa muuguzi wa jeshi, Vietnam, 1969 na 1970. Ana kisukari cha aina ya pili. Fomu zake tumekwisha kuzituma.